Bei ya Ukutani

Mtu anayekubali bei ya kwanza unayomtajia ana lake jambo. Hivyo ndivyo nilivyoamini katika miaka ya tisini, nilipokuwa nafulia watu nguo, na mpaka leo sijapata sababu ya kuacha kuamini hivyo, ingawa imani hiyo ilinigharimu chumba.

Nilikuwa nimepanga Kawangware, upande wa kuelekea Satellite, chumba kimoja cha mabati katika ploti yenye bomba moja na vyoo viwili. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano, nilikuwa nimemwacha Kitui kwa mama yangu. Baba yake alikwenda Mombasa kutafuta kazi, na nadhani bado anaitafuta. Nilitaka sana kumleta mtoto Nairobi akae nami, lakini si katika ploti ile, ambamo maji machafu yalipita mbele ya mlango na mimi mwenyewe nilishinda nje kutwa. Kwa hiyo kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, nilikwenda kukaa ukutani.

Ukuta wenyewe ulikuwa mfupi, wa mawe, mahali Kawangware inapoishia na nyumba kubwa za Lavington zinapoanzia. Wanawake kama kumi na watano tulikaa hapo tukisubiri kuitwa kufua. Gari likipunguza mwendo tuliacha maongezi, tukanyoosha leso na kutazama mbele, utadhani tumekaa hapo kupumzika tu. Aliyefika wa kwanza alikaa mwisho wa karibu na barabara, na hakuna aliyemruka.

Sheria ya pili ilikuwa ya bei. Ukiulizwa unafua kwa ngapi, unasema mia na hamsini. Mwenye nguo anashtuka, anasema hamsini. Unacheka kidogo, unasema mia na ishirini. Mnavutana hivyo mpaka mnafika themanini, na hapo ndipo unashuka ukutani na kumfuata. Chini ya themanini hakuna kwenda. Aliyekwenda alijulikana, maana walinzi wa mageti walituletea habari zote, na adhabu yake ilikuwa kukaa mwisho wa mbali wiki nzima bila kusemeshwa. Hiyo themanini tuliiita bei ya ukutani.

Sasa asubuhi moja akaja mwanamke wa kizungu, kwa miguu. Hilo peke yake lilitosha kututia wasiwasi. Akasimama mbele yetu akasema, "Hamjambo akina mama? Habari za asubuhi?"

Tukatazamana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha pwani, safi kuliko cha sisi sote tuliokaa pale, na mgeni hajifunzi lugha yako namna hiyo kama hana kazi nayo. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwisho wa karibu na barabara, kwa hiyo aliniuliza mimi.

"Ninahitaji mtu wa kunifulia kila Alhamisi. Unatoza kiasi gani?"

"Mia na hamsini."

"Sawa," akasema.

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kushuka hadi mia na ishirini. Niliufunga. Wenzangu walinitazama hivi, mimi nikawatazama vile, na nilimfuata yule mama njia nzima nikijiuliza anataka nini. Mama mkubwa wa ukuta wetu, Mjaluo mmoja aliyekuwa amefua nguo za watu tangu sisi tukiwa watoto, alinipigia kelele kutoka nyuma: "Angalia hayo manguo vizuri. Pengine iko na ugonjwa."

Hayakuwa na ugonjwa. Yalikuwa mashuka, mataulo, blauzi na soksi nyingi, nguo za mtu mmoja. Nilifua, nikaanika, akanipa mia na hamsini yangu mkononi na kuniambia asante. Nilipofika Kawangware niliishika ile noti ya mia juu ya taa nikaitazama pande zote mbili.

Alhamisi baada ya Alhamisi ikawa hivyo. Nilimwita Madam kama kila mtu alivyomwita. Alikuwa na msichana wa kazi aliyekaa katika chumba nyuma ya nyumba, na hicho chumba ndicho nilichokitolea macho. Kilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha la vioo, na bomba lake peke yake nje ya mlango. Nilianika nguo mbele yake kila wiki, na kila wiki nilikuta nimekipanga upya kichwani: kitanda hapa, meko pale, mtoto upande wa ukutani asianguke.

Mlinzi wa geti ndiye aliyenipa habari yenyewe. "Huyu msichana anaolewa Disemba," akaniambia. "Madam atatafuta mwingine wa kuandika. Na hana shida na watoto. Alimwambia huyu hata kama uko na mtoto, lete."

Sikumwambia mtu yeyote ukutani. Nilimwambia dada yangu tu, na hilo nitalirudia.

Madam alifanya kazi barazani, juu ya meza iliyojaa karatasi. Niliziona nilipopita na beseni: majina ya nchi upande mmoja, na mbele ya kila nchi mstari mweusi, mwingine mrefu, mwingine mfupi. Siku moja aliniona nikichungulia akanieleza bila kuulizwa. Alikuwa anaandika kitabu kuhusu watu wanaolipwa mishahara midogo. Alitaka kujua kwa nini nchi moja ina wengi wa namna hiyo na nchi nyingine ina wachache. Alikuwa amekwishakwenda nchi kadhaa, na sasa ilikuwa zamu yetu.

Nilisikiliza, nikatikisa kichwa, na sikuamini hata neno moja. Hakuna mtu anayepanda ndege kuja kujua mimi ni maskini kiasi gani. Jirani zangu wenyewe walikuwa wanajua na hawakuwahi kushangaa.

"Kwa mfano wewe," akasema, "kwa watu wengine unaowafulia, wanakulipa kiasi gani kwa siku?"

Kwetu aliyewahi kuniuliza napata ngapi alikuwa ama mwenye ploti anayetaka kupandisha kodi, ama shemeji anayetaka kukopa. Huyu hakuwa mmoja wao, kwa hiyo nikamwona ni mbaya zaidi. Alikuwa amenilipa mia na hamsini kwa miezi minane. Nikimwambia wengine wananipa themanini, atajua kwamba nilimpiga. Na Disemba ilikuwa inakuja. Ataniandika vipi, na mshahara wa mwezi atanipangia kutoka wapi, kama si kutoka kwa hiyo bei nitakayosema sasa? Nikaona wazi kwamba hili swali ni mwanzo wa kupatana.

"Mia na hamsini," nikasema. "Wote wananipa hivyo."

Akaandika. Halafu akasema angependa kuja ukutani siku ya Jumatatu awaulize na wenzangu.

Jumatatu hiyo nilifika ukutani kabla jua halijatoka. Nilimweleza mama mkubwa kila kitu isipokuwa habari ya chumba. Alinisikiliza huku akitafuna kitu.

"Sasa hiyo kuulizwa ni ya nini?" akasema.

"Anataka kujua nani yuko chini, halafu wale matajiri wote waambiwe. Tukisema themanini, kesho wataanza kupatana kutoka themanini. Tutaishia thelathini."

"Anaweza fanya hivyo?"

"Ako na karatasi. Kila kitu anaandika."

Mama mkubwa alikata shauri papo hapo. Kila mmoja atasema mia na hamsini, asiongeze, asipunguze. Na ndivyo ilivyokuwa. Madam alipita kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, akiuliza kwa adabu zake zote za pwani, na wanawake kumi na watano wakamwambia bei moja bila kupepesa macho. Mmoja, mdogo wetu, alijaribu kusema mia na sitini, akakanyagwa mguu.

Nilirudi nyumbani nimejisifu moyoni. Niliona nimeokoa ukuta mzima na mimi mwenyewe nimejiwekea msingi wa mshahara. Ukiniuliza leo, nitakuambia kwamba mtu mwenye hila huwa anafikiri ni yeye peke yake aliyeamka mapema.

Alhamisi iliyofuata Madam akaniuliza kama namjua mtu Kibera anayefanya kazi kama yetu. Nilisita. Dada yangu mkubwa alikuwa anakaa Soweto kule Kibera, na alikuwa anafulia watu Jamhuri na Ngumo. Alikuwa amepangishwa chumba pamoja na watoto wake wawili, mume alishamwacha. Tulipendana, lakini sikutaka aione ile nyumba. Dada yangu ni mtu ambaye watu wanampenda upesi. Mimi watu wananizoea polepole, na wengine wanashindwa njiani.

Lakini Madam alikuwa ameuliza, na nikikataa angeona ninaficha kitu. Basi nilimwita dada. Alikuja kwa miguu kutoka Kibera kupitia Dagoretti Corner, amevaa sweta yake ya kanisani. Waliongea barazani dakika kumi, mimi nikisugua kola na kutosikia kitu, halafu siku mbili baadaye Madam akaenda naye Soweto kuuliza wanawake wa huko. Nilimwuliza dada baadaye walisema nini. Akaniambia, "Ni maswali tu." Nikaona amejibu upesi mno.

Nilikuja kujua walichosema siku ya mwisho ya Novemba. Nilikuwa naanika, na Madam alitoka nje na kikombe chake cha chai, amefurahi, na mtu akifurahi namna hiyo karibu yangu nashika vitu vyangu. Akaniambia amepata jambo la ajabu. Kawangware na Kibera ni mitaa miwili ya mji mmoja, wanawake ni wale wale, kazi ni ile ile, lakini Kawangware hakuna hata mmoja mwenye mshahara mdogo, na Kibera ni wengi mno.

"Unawajuaje?" nikauliza.

Aliweka kikombe chini. Alichukua nguo kutoka kwenye beseni langu akaanza kuzianika yeye mwenyewe, kutoka fupi hadi ndefu: soksi, kitambaa cha mezani, blauzi, taulo, na mwisho shuka. Vibanio alivishika kwa meno kama mimi.

"Kila nguo ni mtu, na urefu ndio mshahara wake," akasema. "Natafuta aliye katikati. Hapa ni blauzi. Halafu naangalia ni nani hawafikii theluthi mbili za blauzi. Hao ndio nawahesabu. Nafanya hivyo kwa kila nchi, kwa kila mtaa."

Nilitazama ile kamba. Soksi ilikuwa inaning'inia pale mwanzoni, inadondosha maji.

"Na kama kamba yote ni soksi?" nikauliza.

"Basi hakuna mfupi, kwa sababu hata wa katikati ni soksi."

"Lakini zote ni soksi."

Alicheka akasema nimeona udhaifu wa kipimo chake, na kwamba umaskini wenyewe una vipimo vingine. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nafikiria zile nchi zake zenye mistari mifupi ambazo alizisifu, na nikawa najiuliza wanawake wa huko waliogopa nini siku walipoulizwa, na kama na wao walikutana alfajiri kwanza.

"Kibera hali ni mbaya," akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Wapo wanaopata hamsini, wapo wanaopata mia, wapo wanaopata kidogo kabisa. Dada yako, pole sana, anapata arobaini kwa siku. Hukuniambia."

Nilikuwa nimeshika shuka lenye maji. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba dada yangu hapati arobaini. Pasaka iliyopita tulifua pamoja katika nyumba moja Jamhuri, nguo za familia ya watu tisa, na jioni kila mmoja wetu alipewa themanini yake. Tulinunua nyama nusu kilo tukala kwake na watoto. Na siku hiyo hiyo, wakati nyama iko kwenye moto, nilimweleza habari ya chumba cha Madam na yule msichana mwenye mchumba, na kwamba huenda mwisho wa mwaka kikawa wazi. Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ningeweza kusema palepale: Madam, dada yangu amekudanganya, anapata themanini. Lakini angeniuliza nimejuaje, na ningesema tulilipwa pamoja, na hapo mia na hamsini yangu ingeanguka, na ya ukuta mzima. Nilikamua lile shuka mpaka mikono ikauma.

Wiki ya pili ya Disemba Madam aliniita barazani. Alianza kwa kunisifu, nikajua. Akasema msichana wake anaondoka na kwamba aliwaza sana nani ampe nafasi hiyo pamoja na chumba. Alikuwa amefikiria mimi.

"Lakini wewe una kazi nzuri," akasema. "Unalipwa vizuri mahali pote, kila siku. Sitaki kukutoa huko. Dada yako ana watoto wawili na anapata arobaini. Nadhani hata wewe utafurahi."

Nilisema nimefurahi. Sijui uso wangu ulisema nini. Wazee wetu husema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeuficha wangu vizuri mpaka mkunga akapita mlangoni akaenda kwa jirani.

Sikungoja Jumapili. Niliondoka pale moja kwa moja mpaka Soweto, na nilimkuta dada nje ya mlango wake anachagua maharagwe. Hata sikukaa.

"Ulimwambia yule mzungu arobaini," nikasema.

"Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe. Na amekupa kazi yangu."

Dada aliacha maharagwe. Ilikuwa dhahiri kwamba habari ya kazi ilikuwa haijamfikia, au basi alijua kuficha kuliko mimi. "Amenipa kazi?"

"Usijifanye. Nilikuambia Pasaka kuna hiyo nyumba."

"Sista, ngoja. Kwani wewe ulisema ngapi?"

"Mia na hamsini."

"Mia na hamsini? Nani analipwa hivyo Kawangware?"

"Yeye ananilipa hivyo."

Basi akaeleza, na nitaandika alivyoeleza bila kuongeza. Mwaka ule nyumba zilikuwa zimeungua upande wao, na baadaye watu wa kanisa walikuja na daftari wakiuliza kila mtu anapata ngapi. Waliosema ukweli hawakupata kitu. Waliosema kidogo walipewa unga, blanketi na sufuria. Kwa hiyo Madam alipokuja na kalamu yake, Soweto nzima ilijua la kufanya. Mmoja alisema hamsini, mwingine akasikia akasema arobaini na tano. Wale waliojiheshimu kidogo ndio waliosema themanini au mia.

"Nilidhani ni ya unga," dada akasema. "Haki ya Mungu. Watu wote walidhani ni ya unga."

"Na chumba hukukikumbuka?"

"Nilikikumbuka baadaye."

"Baadaye lini?"

Akarudi kwenye maharagwe. Kikulacho ki nguoni mwako, nilimwambia, na nikaondoka. Nimeishi na hilo "baadaye" miaka mingi sasa. Kuna siku naamini ilikuwa baada ya kusema arobaini. Kuna siku naamini ilikuwa kabla.

Januari dada akahamia kwenye kile chumba. Mimi niliendelea kufua Alhamisi, maana ningekwenda wapi? Kitanda alikiweka upande ambao mimi nilikuwa nimepanga kuweka meko. Mshahara wake Madam aliupanga kwa kuanzia kwenye ile arobaini, akaongeza kwa huruma, na bado ukiugawa kwa siku haukufika nusu ya nilichopewa mimi kwa Alhamisi moja. Kwa hiyo dada naye akaanza kunitazama. Nililipwa mbele yake, noti mbili, na yeye aliyekuwa ameamka saa kumi na moja kupika, kupiga deki na kuosha vyombo alisimama mlangoni na kitambaa mkononi. Alijua siwezi kusema ukweli wake bila kusema wangu, na mimi nilijua hivyo hivyo. Tulikuwa tunasalimiana vizuri sana.

Dada ndiye aliyevunja ile hali, na nilichukia kwamba ni yeye. Alhamisi moja aliniletea chai kwenye kamba akasema, "Mlete mtoto. Atalala na hawa wangu. Nimeshamwuliza Madam, amekubali. Shule iko hapo tu."

Nilitafuta hila ndani ya hayo maneno. Nilidhani anataka kuninyamazisha. Halafu nilidhani anataka nimpe pesa ya matumizi. Nilitafuta wiki mbili nzima, sikupata kitu, na mwisho nilipanda basi la Kitui nikamleta binti yangu.

Hivyo ndivyo alivyokuja kukaa Nairobi, katika chumba kile kile nilichokitaka, chini ya dirisha lile lile la vioo. Mimi nilimwona Alhamisi, na Jumapili baada ya kanisa. Siku nyingine zote alilala, aliamka na kuogeshwa mikononi mwa dada yangu, na kama ilivyo desturi kwetu alimwita mama, kwa sababu dada ya mama ni mama. Mimi pia aliniita mama. Ilinibidi kugeuka kila mara kuona ni yupi kati yetu anayeitwa.

Madam alimpenda. Alimkalisha barazani akamfundisha kuhesabu, na siku moja nilimkuta mtoto amesimama chini ya kamba, ameshika kikapu cha vibanio, ananiagiza nini kianikwe wapi.

"Anza na soksi," akasema. "Halafu hii. Shuka mwisho."

Nikajua mchezo huo ametoa wapi. Nilianika kama alivyosema. Dada alikuwa pembeni kwenye bomba anasuuza taulo, na Madam alikuwa barazani na kikombe chake. Alikuwa amekwishatuma karatasi zake Ulaya wiki mbili kabla. Alikuwa ametuambia kwa furaha kwamba Kawangware yetu imeingia kitabuni.

Mtoto alimnyooshea dada yangu kidole. "Mama mkubwa ni soksi," akasema. Kisha akatembea kufuata kamba mpaka mwisho, akagusa ncha ya shuka. "Wewe ndiye hii. Madam amesema wewe unalipwa vizuri."

"Madam amesema hivyo?"

"Eeh." Alilifikiria jambo hilo. Alikuwa ameshika kibanio na anakifungua na kukifunga. "Sasa kama wewe ndiye shuka, mbona mimi ninakaa na soksi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu, na alinitazama akisubiri, akiamini kwamba mama yake ana pesa nyingi mahali fulani na amechagua kumwacha kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimewadanganya watu wengi mpaka siku ile, na sikuwahi kuona haya. Pale niliona haya.

"Mimi si shuka," nikamwambia. "Mimi ni soksi kama mama mkubwa. Watu wananilipa themanini. Niliwaambia uongo."

Sauti yangu haikuwa ndogo. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika, lakini taulo halikusogea tena mikononi mwa dada. Akasema bila kuinua kichwa, "Na mimi nilikuwa themanini."

Barazani kikombe kiligusa sahani. Madam alituangalia sisi wawili, akaangalia kamba, akaingia ndani, na tukasikia nakala za zile karatasi zikifunuliwa. Binti yangu alitoa soksi kutoka kwenye beseni akaibana karibu na ile ya kwanza, akaona zinalingana, akaridhika.

Jioni hiyo nililipwa mia na hamsini kama kawaida. Alhamisi iliyofuata nililipwa themanini, mkononi, pamoja na asante. Mshahara wa dada ulibaki pale pale. Nilizipokea, maana hiyo ndiyo bei niliyoitaja kwa mdomo wangu mwenyewe, na safari hii hakuna aliyekuwa anapatana nami. Binti yangu alinisindikiza mpaka getini, akaniuliza kama kesho nitakuja, nikamwambia Jumapili.